Mistari Kumi na Moja ya Kijani

SURA YA SABA

"Jina ni langu," alisema yule mwanamke. "Andika hivyo, afande, tuachane kwa wema."

Ilikuwa mara ya nne kusema maneno hayo tangu jana. Mara tatu za kwanza mpelelezi aliyaandika. Ya nne hakuiandika. Aliweka kalamu juu ya faili akamtazama: mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri hata baada ya siku mbili za kulala sakafuni, mikono imetulia magotini kama anangoja zamu kwa daktari wa meno.

Kituoni mpelelezi huyu walimwita Karani, na si kwa heshima. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na kumi na moja ya kwanza aliimalizia chumba cha nyuma, akipiga chapa maelezo ya washukiwa wa wenzake. Wenzake walipanda vyeo, yeye akabaki na jina. Alishalizoea.

Kesi yenyewe ilijulikana na kila mtu aliyesikiliza redio wiki ile. Hospitali moja ilikuwa imenunua mashine za kuendesha dripu, zile za kumpa mgonjwa dawa kwa kiasi chake, tone kwa tone. Siku moja saa nane mchana umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika tatu. Wodi namba nne mashine sita zikawaka tena zenyewe. Nne ziliendelea na kazi yake. Mbili zikaanza upya kwa kasi ya mwisho, na dawa ya maumivu iliyotakiwa kuingia kwa saa nane ikaingia kwa dakika kumi na mbili. Akafa fundi bomba mmoja aliyevunjika nyonga. Akafa na mama mmoja wa miaka sabini na mitano, aliyekuwa ameshaambiwa kesho yake angerudi nyumbani.

Programu ya mashine zile ilitoka kwenye kampuni ya watu saba tu. Na mpimaji wa programu, yaani yule ambaye kazi yake ni kuitesa mpaka ioneshe kasoro, alikuwa huyu mwanamke. Ofisini walimwita Chujio, kwa kuwa hakuna taka iliyompita. Kwenye orodha ya majaribio kulikuwa na mstari unaosema: *Umeme ukikatika na kurudi, mashine ianze kwa kasi ileile.* Mbele yake neno moja: *Limepita.* Mbele ya neno, jina lake.

"Saa kumi jioni mwendesha mashtaka anataka karatasi mezani," alisema Karani. "Uzembe uliosababisha vifo viwili. Ni miaka mingi hiyo. Mwanao yuko na nani?"

"Na dada yangu."

"Ana umri gani?"

"Sita."

"Jaribio la umeme, ulilifanya au hukulifanya?"

Chujio alitazama ukuta. Palikuwa na doa la unyevu pale, hakuna zaidi.

"Unamficha nani, mama?"

Hapo ndipo aliposogeza macho. "Afande, wazazi wako wapo?"

"Walishatangulia wote."

"Basi unajua," alisema Chujio, na tangu hapo akaufunga mdomo wake kama mlango wa duka siku ya Jumapili.

Karani alidhani anamlilia mwanawe, kwamba mtoto asiye na mzazi ni yatima tu. Alikosea, na kosa hilo lilimla saa tatu za asubuhi.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wageni. Ndani palikuwa na meza moja ndefu, kompyuta saba, na ukutani skrini kubwa iliyojaa vimraba vya kijani. Majaribio mia tatu na arobaini, yote kijani. Watu wawili walishazikwa na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Aliyempokea alikuwa meneja wa mradi. Bwana huyu alimwoa dada yake Mkurugenzi, basi ofisi nzima, mpaka mfagizi, ilimwita Shemeji. Mwenyewe alidhani wanampenda.

"Alikuwa na kinyongo," alisema Shemeji kabla hata ya kuketi. "Nakwambia ukweli, afande, sipendi kumsema mtu aliye ndani. Lakini alitaka zana yake tukaikataa. Tangu hapo kazi aliifanya nusunusu. Akawa anaweka tu *limepita*, *limepita*, ili mradi siku iishe."

"Zana gani?"

Shemeji akashusha pumzi, akaanza kueleza polepole, kwa sauti ya mtu anayemvukisha bibi kizee barabara. Programu haitoki bila kujaribiwa. Majaribio ni mengi. Nani amejaribu nini, lini, na kimetokea nini, huwezi kuyaweka kichwani, kwa hiyo timu huwa na zana ya kuyatunza. Mwaka jana walitaka kubadilisha. Chujio akapewa kazi ya kulinganisha zana tatu na kuandika ripoti.

"Ninaiomba hiyo ripoti."

"Ni mambo ya kitaalamu sana."

"Nitasoma polepole."

Ilikuwa kurasa tano. Karani alizisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari, huku Shemeji akichezesha funguo mfukoni. Chujio aliandika vizuri ila tahajia ilimpiga chenga: kila mahali *kwahiyo* moja, kila mahali *tafadhari*. Zana zenyewe alizipa majina ya utani. Ya zamani, waliyojitengenezea wenyewe walipokuwa watu watatu, aliiita Daftari: nzito, watu wawili wakiifungua pamoja inagoma, lakini unaiambia chochote na inakiandika. Ya pili aliiita Bwana Kwa Nini, maana haikuruhusu ufunge jaribio bila kueleza sababu. Kila mtu lazima awe na akaunti yake, na kila mguso inaukumbuka, nani, saa ngapi, kwa kompyuta ipi. Bei yake ilipanda kwa kila kichwa. Ya tatu ilikuwa rahisi, nzuri machoni, na ilichora ubao wa kuwaonesha wateja. Hiyo ndiyo Kijani.

Ukurasa wa nne, chini kabisa, Chujio alikuwa ameandika kwa mkono: *Kijani inajua maneno mawili tu, limepita na limefeli. Sisi tuna manne. Kwahiyo yaliyopitwa yataenda wapi? Tafadhari tujibiwe kabla ya kuhama.*

Na chini ya hapo, kwa kalamu nene: *Nimesoma. Tuchukue Kijani. Wateja wanapenda ubao.*

"Sahihi ya nani hii?"

"Ya Mkurugenzi."

"Na swali la huyu mama lilijibiwa?"

"Swali gani?"

"Yataenda wapi."

"Afande, hizo ni nukta ndogondogo."

"Rahisi ghali," alisema Karani, akaitia ripoti ndani ya bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe na saa, akamtaka Shemeji asaini pembeni. Shemeji alisaini bila kutazama.

"Sasa nioneshe aliyeandika *limepita* kwenye jaribio la umeme."

Hapo Shemeji akachangamka. Aligeuza kompyuta, akabonyeza hapa na pale, na kumbukumbu za mabadiliko zikajitokeza. "Jionee mwenyewe. Jina lake. Tarehe kumi na nne, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilikwambia."

"Nichapishie. Siku nzima, si mstari mmoja."

Printa ilitoa karatasi sita. Karani alikwenda kukaa nazo kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la ngazi, akavaa miwani.

Mistari kumi na moja ilifanana. Kila mmoja ulikuwa *limepitwa*, ukafanywa *limepita*. Herufi moja imetoka, W, mara kumi na moja, ndani ya dakika tatu. Karani karibu acheke. Miaka kumi na moja ya kupiga chapa ilimfundisha kitufe cha W kilipo: juu ya A, upande wa kushoto, vidole viwili vilivyo majirani. Ukiifuata A kwa haraka W inajipachika. Mwanamke amekosea, amejisahihisha, basi. Jaribio lilipita, au alisema lilipita. Kama ni kesi, ni ileile aliyokuwa nayo asubuhi.

Alikuwa ameshaanza kukunja zile karatasi. Kilichomzuia ni tabia tu. Karani hakunji karatasi ambayo hajaisoma mpaka chini.

Siku ileile, kwa jina lilelile, kulikuwa na mabadiliko mengine. *Tafadhari* imefanywa *tafadhali*. *Kwahiyo* imetenganishwa, *kwa hiyo*. Mwisho wa sentensi zisizokuwa na nukta, nukta imewekwa. Alizihesabu. Nukta arobaini na tatu.

Akatoa ripoti kwenye bahasha, akailaza kando ya zile karatasi. *Kwahiyo. Tafadhari.* Mtu hawezi kujisahihisha kosa ambalo hajui kwamba ni kosa.

"Mama huyu tarehe kumi na nne alikuwa wapi?" aliuliza alipomrudia Shemeji.

"Kazini. Si umeona?"

"Nipe daftari la likizo."

Daftari la likizo lilikuja baada ya kutafutwa sana kwa kitu kilichokuwa juu ya meza. Kuanzia tarehe kumi na mbili hadi kumi na tisa Chujio hakuwepo. Sababu: mtoto ana surua.

"Anaweza kuingia akiwa nyumbani," alisema Shemeji.

"Zana inaonesha kompyuta iliyotumika?"

"Kijani haioneshi hicho."

"Bwana Kwa Nini angeonesha."

Shemeji akaanza tena kuchezesha funguo mfukoni.

"Mko watu saba," alisema Karani. "Akaunti ngapi?"

"Tatu."

"Watu saba, akaunti tatu."

"Zinalipiwa kwa kichwa, afande. Tunaazimana."

"Neno lake la siri analijua nani?"

Shemeji aliinua kidevu kuelekea kabati. Kwenye mlango wa kabati palikuwa na karatasi ya njano imebandikwa kwa gundi, maneno matatu ya siri yameandikwa kwa herufi kubwa ili hata asiyeona vizuri asipate taabu. Karani aliipiga picha mara mbili. Basi jina lililokuwa mbele ya kila neno lilikuwa jina la kiti tu, na kitini alikaa yeyote aliyekikuta wazi.

"Nani hapa ofisini anaweka nukta mwisho wa sentensi?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Shemeji alilijibu kwa macho kabla ya mdomo. Macho yalikwenda mwisho wa meza ndefu yakarudi mbio.

"Afande, yule mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Yule ni mwenye msiba."

Mwisho wa meza alikaa mwanamume wa miaka hamsini na ushee, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, kalamu nyekundu mfukoni. Alifundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na tisa, kisha kampuni ikamchukua awe anaandika maneno yanayoonekana kwenye skrini za mashine na vile vitabu vya maelekezo. Wote walimwita Mwalimu.

"Msiba gani?"

"Yule mama wa wodi namba nne." Shemeji alilamba midomo. "Ni mama yake mzazi. Amezikwa juzi. Tumemwambia apumzike, anasema nyumbani hakukaliki. Na yeye ndiye aliyempeleka hospitali ile, kwa sababu mashine zetu ziko pale."

*Afande, wazazi wako wapo? Basi unajua.*

Karani alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa na vumbi. Sasa alijua mwanamke yule alikuwa akimlilia nani, na roho ikamuuma. Saa ya ukutani ilisema saba na robo. Alibaki na saa tatu kasorobo, na kitu kimoja tu hakikuwa mkononi: ushahidi kwamba aliyekaa kwenye akaunti ile asubuhi ya tarehe kumi na nne hakuwa Chujio. Kumbukumbu zisingeusema. Angeusema mtu mmoja tu, kwa mdomo wake.

*

Aliomba kompyuta, akapiga chapa ukurasa mmoja. Vidole vyake kumi vilikwenda kwa kasi iliyowashangaza wale vijana wa programu. Aliandika mistari kumi ya mambo ya kituoni, ya kawaida kabisa, na ndani yake akapanda makosa kwa makusudi. Kisha akaenda na karatasi chumba kidogo cha mikutano, akamwita Mwalimu, akafunga mlango.

"Pole sana na msiba, Mwalimu."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Nina ripoti ya kumpelekea mkubwa wangu, na Kiswahili changu ni cha kituoni. Ungenipitishia jicho?"

Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepewa kitu anachokiweza katika wiki ambayo hakuweza chochote. Kalamu nyekundu ilitoka mfukoni yenyewe. Akaweka nukta. Akatenganisha *kwahiyo*. Akageuza R ya *tafadhari* ikawa L. Alipofika mstari wa saba, *Jaribio la pili la mtuhumiwa: limepitwa*, alikata W kwa mkwaju mmoja mfupi na kuendelea na mstari wa nane, bila kusita hata kidogo.

"Hapo umefanya nini?" aliuliza Karani.

"Wapi? Hapa? W imeteleza." Alisema kwa upole, kama anamweleza mwanafunzi. "Jaribio halipitwi, afande, linapita. Ukisema limepitwa lazima useme na nani. Kitenzi kimekosa mtendaji. Ni kosa la kawaida, W na A ziko jirani. Hata kwenye ile zana yetu yalikuwepo kumi na moja, nikayaondoa mimi."

"Lini?"

"Mwezi ule tulipohama kutoka Daftari. Shemeji alisema zana inakataa maneno, yanatokea mekundu, niyasafishe yawe kijani kabla wateja hawajaja. Akanipa akaunti ya Chujio kwa kuwa hakuwepo, mtoto alikuwa na surua. Nilimsahihishia na mengine. Yule dada ana akili nyingi ila tahajia yake..." Akacheka kidogo puani. Kisha akaona uso wa Karani, na kicheko kikakatika. "Kwa nini unaniuliza?"

Karani aliwahi kuwaambia watu habari mbaya kwa kazi yake, wengine wakiwa wamesimama na wengine wamekaa. Hakukuwa na namna nzuri, alikuwa hajaipata kwa miaka ishirini na sita, na saa ilikuwa inakwenda.

"Uliwahi kumuuliza Chujio neno lile alilitumia kwa maana gani?"

"Niulize nini? Kiswahili nakijua."

"Nimefunguliwa lile Daftari la zamani. Humo walikuwa na maneno manne. Limepita. Limefeli. Bado. Na limepitwa. Hilo la nne waliliweka kwa jaribio walilolipita wakaliacha, hawakuligusa. Sababu wameiandika humohumo: mashine ya kujaribia ilikuwa moja tu, na Mkurugenzi aliipeleka maonesho ya wateja. Kwa hiyo kumi na moja hayakufanyika. Mtendaji alikuwepo, Mwalimu. Yamepitwa na wao."

Mwalimu aliitazama karatasi. Aliitazama ile W iliyokatwa.

"Kumi na moja yapi?"

Karani aliisogeza karatasi pembeni.

"Nakuuliza, afande. Yapi?"

"La umeme ni mojawapo."

Nje, kule chini, mtu wa matairi alikuwa anajaza upepo, na mashine yake iliunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma. Mwalimu alitaka kufunika kalamu nyekundu. Kifuniko kiligonga ubavu wa kalamu, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaviweka vyote viwili mezani.

"Chujio anajua?"

"Nadhani alizifungua zile kumbukumbu siku ya mazishi. Nukta arobaini na tatu. Hakuna mwingine hapa anayeweka nukta."

"Alikuja msibani," alisema Mwalimu. "Alinishika mkono akashindwa kusema. Nikajua ni uchungu tu." Akaisukuma kalamu mbali. "Kwa hiyo siku zote hizi yuko mahabusu ili mimi nisijue."

"Ndiyo."

"Na ana mtoto."

"Wa miaka sita."

Mwalimu aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akakaa hivyo. Hakulia kwa sauti. Karani alimwachia dakika, kisha ya pili, na ya tatu akawa anatazama saa, akajichukia kwa kuitazama.

"Twende," Mwalimu alisema mwishowe, bado ameinama. "Twende kabla miguu haijakataa."

Mlangoni Shemeji alikuwa amesimama karibu kupita kiasi. Karani alimpisha Mwalimu atangulie ngazi, ndipo akageuka.

"Chujio aliporudi kutoka likizo, aliuliza nani ameyarudia yale kumi na moja. Sivyo?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia yamepita."

"Ulijua hayakurudiwa?"

"Ubao ulikuwa kijani, afande."

"Na tangu mwanzo ulijua nani aliyeusafisha. Ukamwacha mwanamke alale sakafuni."

Shemeji akageuka kuutazama ubao ukutani, bado kijani.

"Usiondoke mjini," alisema Karani. "Na Mkurugenzi mwambie kuna sahihi yake ninayo. Saa moja jioni nawataka wote wawili kituoni."

*

Maelezo ya Mwalimu aliyapiga chapa mwenyewe. Wangeweza kumpa kijana yeyote wa zamu, lakini hakutaka. Mwalimu alisema kwa sentensi kamili, kila moja na kichwa na mkia, na Karani akazifuata. Mimi ndiye niliyetumia akaunti ile. Mimi ndiye niliyeondoa herufi. Sikujua maana yake na sikuuliza. Niliagizwa na meneja wa mradi. Mwenye jina hakuwepo.

Kurasa mbili. Saa kumi kasorobo. Ng'ambo ya korido mlango wa mahabusu ulikuwa umeshafunguliwa, na Chujio alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, kwa sababu ofisa wa zamu alisema hatoki mpaka maelezo yasainiwe. Kutoka pale aliwaona kupitia kioo. Aliona Mwalimu anasoma. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Soma yote," alisema Karani. "Yakiwa sawa, saini kila ukurasa."

Mwalimu alisoma polepole. Ukurasa wa kwanza akausaini. Wa pili alifika katikati, akasimama.

"Hapa pana kosa."

Karani alisogea. Miaka ishirini na sita, vidole kumi, na hakuwahi kurudishiwa karatasi. Kidole cha Mwalimu kilikuwa chini ya mstari wa tisa. *Mama yangu alilaza wodi namba nne.*

"Alilazwa," alisema Mwalimu. "Pamekosekana W."

"Vidole vimechoka. Nisamehe." Karani alitazama saa. Kuchapisha upya kungewezekana kama printa ya kituo isingekuwa imeishiwa wino kwenye ukurasa uleule. "Irekebishe tu kwa kalamu."

Mwalimu alirudisha mikono yake mapajani. "Weka wewe."

"Siwezi."

"Weka wewe, afande. Mimi sigusi tena neno la mtu."

"Si neno la mtu, ni lako. Sheria inakataa mimi niguse. Anayesahihisha maelezo ni mtoa maelezo mwenyewe, kwa mkono wake, na anasaini pembeni. Nikiligusa mimi, kesho wakili wa Mkurugenzi anayatupa yote, na huyu mama anarudi ndani."

Mwalimu alitazama kioo. Chujio alikuwa ameondoa viganja usoni. Walitazamana, wala hakuna aliyepunga mkono.

Kalamu ya kituo ilikuwa ya bluu, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Mwalimu aliichukua. Kati ya Z na A akachora alama ndogo, na juu ya mstari akaandika W moja, taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni. Akaisoma sentensi nzima kwa sauti, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa watu.

"Mama yangu alilazwa wodi namba nne."

Kisha akasaini pembeni, na Karani akaandika saa: kumi kasoro dakika sita.